Kaburi lililobaki tupu: Maisha ya Janani Luwum, na kwa nini kijana wa Eastlands anafaa kumjua

Hebu nikuulize kitu, msomaji. Mtu akifariki pale ploti yenu, swali la kwanza huwa ni nini kimetokea. La pili, hata kabla machozi hayajakauka, ni mwili uko wapi. Matanga hayaanzi bila jibu hilo. Kamati, mchango, basi la kwenda ushago, tangazo la redio, yote yanangoja mwili. Ndivyo tulivyolelewa, uwe wa Kayole, Dandora, Maringo ama Kariobangi.

Sasa fikiria serikali imemchukua mtu, imemuua, halafu imeuficha mwili makusudi ili msipate hata matanga. Na usiniambie hilo ni jambo la mbali. Tangu maandamano ya Juni 2024, kuna familia hapa Nairobi zilizozunguka kutoka kituo cha polisi hadi mochari zikitafuta kijana wao. Ukiwa wa mtaa unajua. Kila mtu anamjua mtu anayeijua familia kama hiyo.

Ndiyo maana leo nakuletea hadithi ya jirani yetu mmoja aliyefariki zamani, wengi wetu hata hatujazaliwa. Anaitwa Janani Luwum. Alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda. Watu wake walimchimbia kaburi Kampala, wakajaa kanisani, wakangoja. Mwili haukuletwa. Kilichotokea pembeni mwa kaburi hilo tupu kinaweza kukueleza ufufuo kuliko mahubiri mengi ya Pasaka ambayo umewahi kuyasikia.

Lakini tusiruke. Tuanze na kijana mwenyewe.

Mchungaji wa mbuzi aliyechelewa shule

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 kijijini Mucwini, wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Sudan Kusini ya leo. Alikuwa Mwacholi. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa ameingia Ukristo na akawa mwalimu wa kanisa. Kama ulidhani mwalimu wa kanisa ana pesa, hapana. Familia ilikuwa maskini, na Janani alitumia utoto wake akichunga mifugo. Shule aliianza akiwa amechelewa, ana kama miaka 10.

Alipoanza, hakuachia. Alisoma Gulu, kisha akaenda chuo cha ualimu cha Boroboro, karibu na Lira. Akatoka huko mwalimu wa shule ya msingi. Kwa kijana wa Acholi wa miaka ya 1940, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Mshahara upo, jina lipo. Angeweza kukaa hapo hadi astaafu na hakuna mtu angeandika habari zake leo.

Kilichombadilisha ni uamsho. Ukitaka kujua uamsho ni nini, muulize shosho yako ama nyanya ya rafiki yako. Ulianza Gahini, Rwanda, na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930. Kufikia 1937 ulikuwa umefika Kenya. Wale akina mama na wazee unaowaona wakisalimiana kwa kuimba Tukutendereza, wakiitana ndugu na dada bila kujali kabila, hao ndio watoto wa uamsho huo. Desturi yao ilikuwa ngumu: unasimama mbele ya watu, unasema dhambi yako wazi, ulichoiba unarudisha, uliyemkosea unamfuata kwake. Hakuna kujificha nyuma ya cheo.

Tarehe 6 Januari 1948, Luwum aliokoka kupitia watu hao. Mwaka uliofuata aliacha ualimu akaenda chuo cha theolojia cha Buwalasi, upande wa Mbale. Marafiki waliona amechizi. Kuacha mshahara wa serikali uende kuwa msomaji wa kanisa?

Kuanzia hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Aliwekwa shemasi Desemba 1955, na kasisi mwaka uliofuata. Kanisa likampeleka Uingereza mara mbili, kwanza Canterbury, halafu London. Akarudi kuongoza chuo kilekile cha Buwalasi, na mwaka wa 1966 akawa katibu wa kanisa lote la Uganda. Ule mtoto wa mbuzi sasa alikuwa na ofisi Kampala.

Wageni wawili kwenye sherehe

Tarehe 25 Januari 1969, Luwum aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda. Sherehe ilifanyika Gulu, na watu walikuja wengi sana. Miongoni mwa wageni wa heshima walikuwemo Rais Milton Obote na mkuu wa jeshi lake, Idi Amin.

Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, yule mgeni wa pili alimpindua yule wa kwanza.

Mwanzoni Waganda wengi walishangilia. Amin aliongea kama mtu wa kawaida, alicheka, aliahidi uchaguzi. Haikuchukua muda. Wanajeshi Waacholi na Walango, ambao aliwaona kama watu wa Obote, walianza kuuawa kambini kwa mamia. Mwaka wa 1972 akawafukuza Waasia. Kikosi chake cha upelelezi, kilichoitwa State Research Bureau, kikawa jina ambalo watu walilitaja kwa kunong'ona. Mtu anatoka kazini, gari linasimama, watu waliovaa miwani ya jua wanamsukuma kwenye buti. Mwisho wa hadithi. Amin alitawala miaka 8, na makadirio ya waliouawa hufika hadi watu 300,000.

Luwum alikuwa askofu wa Waacholi hao hao waliokuwa wakiuawa. Waliopotea walikuwa watoto wa waumini wake. Wajane walikuja kwake. Na mwaka wa 1974, katikati ya hali hiyo, alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu, akisimamia Uganda, Rwanda, Burundi na Boga huko Zaire.

Hapa kuna jambo ambalo watu hupenda kuliruka wakisimulia maisha yake, lakini mimi nitakuambia. Luwum hakuanza kwa kumkemea Amin hadharani. Alimtembelea. Alikaa naye, wakaongea. Wapo waliomnung'unikia, wakaona anakula na shetani. Lakini kila familia ilipokuja kulia kwamba kijana wao amechukuliwa, Luwum aliingia kwenye gari akaenda mwenyewe kwenye ofisi za wale wapelelezi kuuliza. Mlango ambao wewe na mimi tungekimbia, yeye aliubisha. Wakati mwingine mtu aliachiliwa. Mara nyingi hakuachiliwa.

Kumpenda adui kwa watu wengi ni maneno ya Jumapili. Kwa Luwum ilikuwa ni kumwona rais kama mtu ambaye bado anaweza kuambiwa ukweli. Akaendelea kumwambia hadi siku ya mwisho.

Meza moja na Wakatoliki na Waislamu

Agosti 1976, Luwum aliwaita pamoja viongozi wa Anglikana, wa Katoliki na wa Kiislamu wajadili mauaji na uporaji uliokuwa ukiendelea nchini. Ukumbuke, Amin alikuwa akijionyesha kama mtetezi wa Waislamu. Kama angefanikiwa kuigeuza shida ya Uganda iwe Wakristo dhidi ya Waislamu, mchezo wake ungekuwa rahisi. Luwum akaivunja hesabu hiyo kwa kuketi nao meza moja. Aliyeuawa ameuawa, hata kama alikuwa akisali Ijumaa ama Jumapili.

Ukiwa umelelewa Pumwani ama Majengo, ambako adhana na kengele ya kanisa zinasikika kutoka kibaraza kimoja, hilo unalielewa haraka. Amin naye alilielewa haraka. Alikasirika sana, maana mkutano ulifanyika bila ruhusa yake.

Kutoka hapo, jina la Luwum likawa kwenye orodha.

Usiku wa Februari

Tarehe 30 Januari 1977, kanisa lilikuwa na sherehe Bushenyi, magharibi mwa Uganda, ya kumweka wakfu askofu mpya. Mhubiri alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho kama Luwum. Mbele ya maofisa wa serikali waliokuja, Kivengere alihubiri kuhusu uhai, kwamba ni mali ya Mungu na mwenye mamlaka hana ruhusa ya kuumwaga ovyo. Maofisa walirudi Kampala na ripoti.

Siku 6 baadaye, saa saba na nusu usiku wa tarehe 5 Februari, mbwa walibweka nyumbani kwa Luwum kwenye kilima cha Namirembe. Mtu aliyemfahamu alikuwa mlangoni, ana majeraha, anaomba msaada. Luwum akafungua. Wanajeshi waliokuwa wamejificha gizani wakavamia. Walikuwa wamemtumia yule mtu kama chambo. Wakamwekea askofu bunduki tumboni, wakadai awaonyeshe silaha. Wakapekua vyumba, wakapekua watoto walipolala, wakaangalia chini ya vitanda, wakaingia hadi sehemu ya maombi. Hawakupata kitu.

Unaifahamu picha hiyo. Mlango unagongwa usiku, kila mtu amesimamishwa ukutani na nguo za kulalia, na wenye bunduki wanatafuta kitu walichoamua tayari kwamba kipo.

Maaskofu wakakaa wakaandika barua kwa Amin, wakaweka sahihi zao. Haikuwa barua ya matusi. Ilisema wazi kwamba kama nyumba ya askofu mkuu inaweza kuvamiwa hivyo, basi hakuna raia aliye salama, na kwamba bunduki iliyonunuliwa kumlinda mwananchi imegeuzwa dhidi yake. Wakaomba wakutane na rais.

Watu wa karibu na Luwum walimsihi akimbie. Mpaka wa Kenya ulikuwa wazi kwa mtu wa cheo chake, na Nairobi wakati huo ilikuwa imejaa wakimbizi wa Uganda, wengi wao wasomi waliopata kazi ya kufundisha kwenye shule zetu. Hakukimbia. Kondoo wake hawakuwa na gari la kuwafikisha mpakani.

Siku ya 16

Tarehe 16 Februari 1977, maaskofu waliitwa Kampala, kwenye uwanja wa jumba la mikutano karibu na hoteli ya Nile Mansions. Walikuta wanajeshi wengi wamepangwa, na mbele yao silaha zimetandazwa chini kama bidhaa za Gikomba. Wakasimamishwa juani. Ikasomwa karatasi ndefu iliyodai kwamba Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania, alikuwa ameingiza silaha hizo kwa msaada wa askofu mkuu. Luwum alitikisa kichwa kimyakimya. Wanajeshi wakaulizwa wafanyiwe nini watu hao, nao wakapiga kelele kwamba wauawe.

Baadaye maaskofu wakaambiwa waende nyumbani. Wote isipokuwa Luwum. Rais anataka kumwona. Kabla hawajatenganishwa, Luwum alimnong'oneza Kivengere kwamba watu hawa wanataka kumuua, lakini haogopi.

Wawili walikataa kuondoka, wakamngoja nje. Mmoja alikuwa Kivengere. Mwingine alikuwa Askofu Silvanus Wani. Zingatia jina hilo la pili, maana Wani alikuwa Mkakwa, kabila moja na Idi Amin. Sisi Wakenya tunajua vile siasa inavyotufundisha kwamba mtu wa kabila la rais lazima asimame na rais. Wani alisimama mlangoni akimngoja Mwacholi. Ikawa jioni. Wanajeshi wakawafukuza.

Asubuhi iliyofuata Redio Uganda ikatangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamefariki kwenye ajali ya gari wakijaribu kutoroka. Picha ya gari lililobondeka ikatolewa kama ushahidi. Hakuna aliyeamini. Luwum alikuwa na umri wa miaka kama 55.

Kanisa likauomba mwili. Serikali ikakataa.

Kaburi bila mtu

Waumini walikuwa wameshachimba kaburi kwenye uwanja wa kanisa kuu la Namirembe, pembeni mwa lile la Askofu James Hannington, Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka wa 1885 akielekea Buganda. Serikali ikapiga marufuku ibada yoyote ya kumkumbuka Luwum. Nadhani waliona kazi imeisha. Hakuna mwili, hakuna ibada, hakuna mazishi. Watu watakaa nyumbani, watalia chini ya blanketi, watasahau.

Jumapili tarehe 20 Februari, karibu watu 4,500 walipanda kilima cha Namirembe. Ilikuwa ibada ya kawaida ya Jumapili, na hakuna sheria iliyowakataza Wakristo kwenda kanisani Jumapili. Ibada ilipokwisha hawakurudi nyumbani. Walimiminika nje, wakasimama karibu na lile shimo, wakaimba wimbo unaohusishwa na wale vijana watatu waliochomwa kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka wa 1885. Walikuwa mashahidi wa kwanza wa Uganda, na walikuwa vijana wadogo kuliko wewe.

Halafu Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu ambaye Luwum alimrithi, mzee ambaye angeweza kukaa kimya na kulinda pensheni yake, alitazama kaburi lile tupu. Akawakumbusha watu kile malaika walichowaambia wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka: kwamba hayupo hapa, amefufuka.

Tulia kidogo hapo, msomaji. Usilichukulie kama mstari wa mahubiri tu.

Wale wanawake wa Injili walikuwa na shida ileile ya mama yeyote anayezunguka mochari. Mtu wao ameuawa na dola, wamekwenda kuutunza mwili, na mwili haupo. Kwa sababu tumeizoea hadithi, tunasahau kwamba habari ya kwanza ya Pasaka ilikuwa habari mbaya: mwili umepotea. Kilio cha Maria Magdalena pale bustanini ni cha mtu anayeuliza mmemweka wapi. Ufufuo haukuhubiriwa kwanza kwa watu waliovaa vizuri wakiwa na furaha. Ulihubiriwa kwa watu waliokuwa wakitafuta maiti.

Sabiti alichofanya ni kulichukua lile shimo ambalo Amin alitaka liwe aibu, akalifanya ushahidi. Mliuficha mwili mkidhani kaburi tupu litatunyamazisha? Sisi dini yetu ilianzia kwenye kaburi tupu. Hayo ni maneno yangu, si yake, lakini kila aliyesimama pale aliielewa maana hiyo. Watu waliokuja wakiwa wameinama waliteremka kilima wakiimba.

Hapa Nairobi nako, watu karibu 10,000 walikusanyika kwenye ibada ya kumkumbuka. Fikiria Nairobi ya 1977, ndogo kuliko hii yetu, halafu watu wengi hivyo wanajitokeza kumlilia mtu wa nchi nyingine. Mkewe Mary na watoto walivuka mpaka wakaja Kenya kama wakimbizi.

Udongo wa Mucwini

Je, mwili ulikwenda wapi? Wanajeshi waliusafirisha kwa siri hadi Mucwini, ndani ya jeneza lililofungwa, na amri kwamba uzikwe haraka bila kufunguliwa. Lakini Februari ni kiangazi Acholi. Udongo ulikuwa mgumu kama lami. Wachimbaji walichimba hadi wakachoka, kaburi halikuisha siku hiyo, na jeneza likalala kanisani usiku huo. Wanakijiji wakalifungua. Waliona matundu ya risasi.

Naipenda sana sehemu hiyo. Dola lenye redio, magazeti na bunduki lilitunga uongo wa ajali, na uongo huo ukavunjwa na ardhi ya ushago na watu waliokuwa wakishika majembe. Luwum alizikwa hapo nyumbani, kando ya kanisa, na yupo hapo hadi leo.

Amin je, naye anapendwa?

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, maana hadithi ingekuwa rahisi kama ingeishia hapo.

Kivengere aliambiwa kwamba anayefuata ni yeye. Usiku, yeye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Baadaye akaenda Uingereza. Alikuwa na uchungu, na angekosaje? Rafiki yake ameuawa, nchi yake imechukuliwa. Chuki ilikuwa inamla hadi kuomba kukawa kugumu. Siku ya Ijumaa Kuu ya 1977, akiwa ameketi kwenye kanisa la All Souls jijini London, alisikia hadithi ya Yesu akiwaombea msamaha waliokuwa wakimpigilia misumari. Akajiuliza: kama Amin angekuwa mmoja wa wale askari, je, Yesu angemtoa kwenye ile sala? Jibu lilimuuma. Mwaka huohuo akaandika kitabu kidogo ambacho jina lake liliwakasirisha watu wengi, I Love Idi Amin.

Najua unachofikiria, juu hata mimi nilikifikiria. Kusamehe rahisi hivyo ndiko kunawapa wauaji kibali. Kila siku tunaambiwa tusamehe na kusonga mbele, na wanaotuambia hivyo mara nyingi ndio wenye faida tukinyamaza.

Lakini angalia Kivengere alifanya nini baada ya kusamehe. Hakunyamaza. Alizunguka dunia akieleza yanayotendeka Uganda, akachangisha msaada kwa wakimbizi, akasomesha vijana waliofukuzwa kwao. Alimtaja Amin kama muuaji na bado akasema Mungu anampenda. Yote mawili kwa pumzi moja. Kwake, kumsamehe mtu hakukuwa kusema hakufanya. Kulikuwa kukataa kugeuzwa na muuaji kuwa kama yeye. Amin alikuwa amechukua rafiki yake. Hakutaka achukue na moyo wake.

Hilo lilikuwa jambo lenyewe la uamsho tangu mwanzo. Huko kwetu Kenya, miaka ya Hali ya Hatari, wapo watu wa uamsho waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya mkoloni. Waligongwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Ukipita mtaa wa Bahati ukaona kanisa la PCEA linaloitwa Bahati Martyrs, jua kwamba jina hilo halikuwekwa kwa urembo.

Upendo wa Mungu kwa watu wote ni neno tamu hadi ulipigie hesabu. Wote maana yake ni mama wa aliyepotea. Ni kijana wa base anayeitwa jambazi hata kabla hajafanya kitu. Ni jirani wa kabila lingine, ni Mwislamu wa ploti ya pili. Na ni karao yule ambaye jina lake linatajwa mtaani kwa woga. Ukianza kutoa majina kwenye orodha hiyo, haichukui muda kabla mtu mwingine aanze kutoa lako.

Mwisho wa kila mmoja

Juni 1977, miezi 4 baada ya mauaji, kanisa la Uganda lilitimiza miaka 100. Watu kama 25,000 walikuja Kampala kusherehekea, Amin akiwa bado madarakani. Wengi walikuwa watu walioacha imani zamani, wakarudi kwa sababu ya walichoona Februari. Aliyemrithi Luwum kama askofu mkuu ni yule yule Wani aliyemngoja mlangoni.

Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliteka Kampala. Amin alikimbia, na alifariki Saudi Arabia mwaka wa 2003 bila kusimama mbele ya hakimu. Nakuambia hilo wazi kwa sababu imani ya ufufuo si ahadi kwamba kesi zote zitaisha vizuri hapa chini. Kivengere alirudi kwa waumini wake Kigezi, na mwaka wa 1988 alifariki hapa hapa Nairobi kwa saratani ya damu.

Luwum sasa ana sanamu juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey huko London, miongoni mwa mashahidi 10 wa karne ya 20, iliyozinduliwa 1998. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda. Maofisa hupanda helikopta kwenda Mucwini, kijiji kilekile ambako serikali ilituma jeneza kwa siri.

Sisi huku tunaishi mitaa inayoitwa Jerusalem na Jericho, na tuna kanisa karibu kila kona, spika hadi usiku wa manane. Ufufuo tumeusikia sana. Pengine tumeusikia hadi masikio yakazoea. Kwa hivyo Februari ijayo, mkisikia Waganda wana likizo, mjue ni ya nini. Na kama mtaani kwenu kuna mama ambaye bado anangoja mwili wa mtoto wake, usiende kumhubiria. Nenda ukakae naye. Wale watu wa Namirembe hawakuwa na jeneza, lakini hawakukubali kukaa nyumbani. Walipanda kilima wakasimama pamoja kando ya shimo tupu, na hapo ndipo mzee mmoja akakumbuka malaika walisema nini.